Kuhifadhi si Kuweka: Miswada Yetu katika Kompyuta

Imekuwa desturi siku hizi, mswada wa Kiswahili ukishapigwa picha na kutiwa katika kompyuta, kusema kwamba umehifadhiwa. Kauli hii yafaa kuhakikiwa, kwani inachanganya mambo mawili: kudumu kwa chombo na kusomeka kwa maneno.

Mwaka wa 1986 shirika la BBC liliadhimisha miaka 900 ya Domesday Book, orodha ya ardhi na mali ya Uingereza iliyoandikwa mwaka wa 1086, kwa kutayarisha taswira mpya ya nchi katika santuri za leza. Watu zaidi ya milioni moja walichangia. Haikutimia miaka 20, mashine za kuzisomea zikawa adimu, hata ikawabidi watafiti wa Leeds na Michigan kuunda programu ya kuiga kompyuta ile ya zamani. Kitabu cha ngozi chasomeka hadi leo huko Kew, London.

Je, turudie ngozi na wino? La. Ngozi nayo haijitoshelezi. Yamhitaji ajuaye Kilatini na vifupisho vyake. Ndivyo ilivyo miswada yetu. Katika hati ya Kiarabu jinsi wazee wetu wengi walivyoitumia, herufi moja ya *ba* yaweza kusomwa b, p au mb, na alama ya kasra yaweza kuwa i au e. W. E. Taylor alipokusanya mashairi ya Muyaka bin Haji huko Mombasa katika karne ya 19, alimtegemea Mwalimu Sikujua, mjuzi wa lugha na mambo ya mji ule. Wino peke yake usingalimfaa.

Basi kompyuta haikuondoa haja ya msomaji. Imeongeza juu yake haja ya mashine na programu. Kwa hiyo picha na ziwekwe katika nakala kadhaa, mahali mbalimbali, na zihamishwe kila chombo kinapochakaa. Lakini kila picha iandamane na unukuzi wa herufi za Kirumi pamoja na sherehe ya maneno magumu, nayo hati yenyewe ifundishwe. Idara inayonunua mashine bila ya kumfundisha hati hiyo hata mwanafunzi mmoja, itawarithisha wajukuu picha safi za maneno yaliyokufa.