Dansi Lina Mwenyewe: Juu ya Lugha ya Tangazo la Ukumbi wa Starehe

Tangazo la ukumbi mmoja wa starehe jijini Dar es Salaam limepita mikononi mwetu. Lawaarifu wapenzi wa burudani kwamba usiku wa Ijumaa ijayo utakuwa wa "muziki wa dansi wa kielektroniki", na ule wa Jumamosi utakuwa wa "hip-hop, yaani muziki wa kufokafoka", ukiongozwa na "wacheza santuri" mashuhuri. Aliyelifasiri amejitahidi, na twampongeza kwa kutoliacha katika Kiingereza kama wafanyavyo wengi. Hata hivyo, baadhi ya maneno yake hayana budi kuchunguzwa, maana maneno ya namna hii hayabaki ukutani. Huingia katika maombi ya vibali, katika taarifa za maafisa utamaduni, na hatimaye katika vitabu vya shule.

Tuanze na "dansi". Katika Tanzania neno hili lina mwenyewe. Tangu Dar es Salaam Jazz Band, iliyoundwa mwaka 1932, hadi NUTA Jazz ya mwaka 1964, ambayo leo ni Msondo Ngoma, na Mlimani Park ya mwaka 1978, muziki wa dansi umekuwa muziki wa bendi: magitaa, tarumbeta, ngoma, na waimbaji waliosimama jukwaani. (Wala "jazz" katika majina hayo haikuwa ile ya Marekani, neno lilipovuka bahari lilipata maana ya bendi ya kisasa, na hakuna aliyedhurika.) Mfasiri ameliona neno la Kiingereza linalofanana na "dansi" kwa sauti, akaliweka lake pale pale. Mzee wa Ilala atakayelipa kiingilio kwa kuliamini tangazo hilo atatazamia gitaa la solo. Atakuta meza, kompyuta na kijana mmoja. Lililo baya zaidi ni kwamba mpigaji wa bendi ananyang'anywa jina la kazi yake wakati ambapo kazi yenyewe imekwisha kuwa haba.

Na neno lililotakiwa lilikuwapo tangu zamani. "Disko" liliingia katika Kiswahili katika miaka ya 1970, likaacha upesi kuwa jina la mtindo mmoja wa muziki wa Marekani, likawa jina la mkusanyiko wowote ambamo watu hucheza muziki uliokwisha kurekodiwa. Limezaa: tuna disko toto la watoto, disko vumbi la uwanjani, na huko pwani ya Kenya disko matanga la msibani, ambalo watawala wamelipiga marufuku mara kadhaa bila ya kuweza kulifuta katika lugha. Neno lenye watoto kiasi hiki halihitaji kutafutiwa mbadala. Mkusanyiko na uitwe disko, na aina ya muziki iitwe muziki wa kielektroniki.

Hapo twakutana na jambo ambalo latugusa zaidi kuliko uteuzi wa neno. Katika matangazo ya kumbi hizi, "kielektroniki" ni sifa wapewayo wageni tu: haus iliyozaliwa Chicago, tekno iliyozaliwa Detroit. Singeli, ambayo hutengenezwa kwa kompyuta katika mitaa ya Dar es Salaam, na ambayo mara nyingi huzidi mapigo 200 kwa dakika, haipewi sifa hiyo. Hutajwa pamoja na vigodoro, zile sherehe za usiku za uswahilini ilikolelewa, na kigodoro kwa afisa mwingi ni jina la fujo. Mchiriku uliotangulia, pamoja na vinanda vyake vidogo vya Casio, ulipata mapokezi kama hayo. Mwaka 2017 kampuni moja ya Kampala ilitoa mkusanyo wa singeli za studio ya Sisso, ukasikilizwa hata Ulaya kama muziki wa kielektroniki pasipo ubishi. (Jina la kampuni hiyo, Nyege Nyege, twalitaja kwa haya kidogo: katika Kiganda ni hamu ya kucheza isiyozuilika, maana ya Kiswahili msomaji anaijua.) Istilahi ni lazima ifuate kitu chenyewe, isifuate mtaa kilikotoka. Ikiwa haus ni muziki wa kielektroniki, singeli nayo ndiyo.

"Kufokafoka" nalo limebeba hukumu. Hufoka chungu kilichozidiwa na moto, na hufoka mtu mwenye hasira. Magazeti ya miaka ya 1990 yaliliandika neno hilo wakati vijana walipoanza kutunga katika Kiswahili, na lilikuwa dhihaka ya wasiosikiliza. Anayesikiliza husikia vina. Wenzetu wengine wamependekeza "kughani". Lina heshima, lakini mwalimu wa ushairi atauliza kwa haki: mahadhi yako wapi? Sisi twaelekea kwenye neno la wasanii wenyewe, "kuchana". Limekwisha kutoa mchanaji na michano bila ya msaada wa kamati yoyote. Kwamba huchanwa pia nywele na nguo si hoja. Kitenzi "kupiga" kina mizigo mingi zaidi, na twaelewana.

Limebaki la "mcheza santuri". Wapo wanaolikataa kwa kuwa santuri zimeadimika. Hoja hiyo ni dhaifu: usukani ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa gari, na rubani aliongoza vyombo vya majini kabla ya kupanda angani. Kasoro yake iko katika kitenzi. Kwetu ngoma hupigwa, gitaa hupigwa, na santuri hupigwa. Achezaye ni yule aliye uwanjani kwa miguu yake. Katika maandishi ya ofisi twapendelea "mpiga santuri". Matangazo na yaendelee na "dijei", wingi "madijei", ambalo limekwisha kukaa vinywani mwa watu.

Tangazo lile, basi, lingetosha kusema: Ijumaa, disko la muziki wa kielektroniki, haus na singeli, Jumamosi, usiku wa hip-hop, wachanaji pamoja na madijei.