Sifa za Mwulizaji

Ziko kazi ambazo watu huzisifu kwa kuwa mazao yake yanaonekana kwa macho, kama vile mhunzi mwenye jembe lake, mrina asali wa Inyonga mwenye mizinga yake, na seremala ambaye mlango wake hufungika sawasawa. Lakini iko kazi moja ambayo aghalabu haipati msifu, maana zana zake ni daftari, penseli na kigoda cha kuazima, na mazao yake ni kujua tu, nayo ni kazi ya yule anayewaendea watu, akaketi nao, akawauliza habari za matendo yao, kisha asiridhike na jibu la kwanza. Katika nchi ya Katavi, kutoka mji wa Mpanda mpaka bonde la Rukwa, kazi hiyo imepata mafundi wake.

Ugumu wake ni kwamba mwanadamu hajui daima sababu ya tendo lake, na hata anapoijua huenda asipende kuitaja. Ndani ya Hifadhi ya Katavi, karibu na ziwa lenye jina hilo, upo mkwaju ambao kwa itikadi ya wenyeji ndio makao ya Katabi, pepo aliyeipa nchi jina lake, na watu huacha sadaka pale ili wapate baraka zake. Mwulize mpita njia, awe Mwislamu au Mkristo, kama anayaamini mambo hayo, na yamkini atakana kwa kiapo, ilhali sarafu yake iko chini ya shina. Mwulizaji asiyeiva huandika kiapo. Fundi huandika kiapo na sarafu pamoja, wala hamwiti mtu yule mwongo.

Bibi Monique Borgerhoff Mulder, mwanaanthropolojia aliyefika Mpimbwe, katika bonde la Rukwa, mwaka 1995, alikuwa na ufundi wa namna hiyo. Hakuanza kwa kuuliza Wapimbwe wanafikiri nini juu ya ndoa, swali ambalo lingempatia hotuba nzuri za wazee na pengine mahubiri mawili matatu; alikwenda nyumba kwa nyumba, akarudi tena miaka iliyofuata, akiuliza nani amezaliwa, nani amekufa, nani ameoa na nani wameachana. Katika hesabu hizo, zilizochapishwa mwaka 2009, ilidhihiri kwamba wanawake walioolewa zaidi ya mara moja walielekea kuwa na watoto wengi zaidi waliosalimika, hali wanaume waliobadilisha wake hawakuonekana kupata faida hiyo. Hilo ni jambo ambalo mlevi wa methali za kuwasuta wanawake angelipinga bila kuhesabu hata kaya moja.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni ule wa simba. Wasukuma walihamia bonde hilo pamoja na makundi yao ya ng'ombe, hasa tangu miaka ya 1970, wakaja na ada yao ya kale, kwamba kijana aliyemwua simba hupambwa, akapita boma kwa boma akicheza, na jamaa na majirani humtunza ng'ombe au fedha. Ada hiyo ina akili ndani yake: simba aliyekula ndama wa huyu leo, kesho atakula wa yule, kwa hiyo aliyethubutu kumkabili amewalinda wote, na ni haki wote wamlipe, la sivyo nani atajitia katika makucha kwa ajili ya mifugo ya mwenzake? Askari wa wanyama akiutazama mchezo ule huona ujangili, na mfugaji huona ulinzi wa mali; wangeweza kubishana hadi mwisho wa dunia, kwa maana kila mmoja alikuwa na simba mfu wa kumthibitishia maneno yake.

Mtafiti Emily Fitzherbert na wenzake, akiwamo bibi yule tuliyemtaja, hawakuingia katika ubishi huo. Waliwatafuta wacheza simba wenyewe, wakawahoji. Na hapa msomaji azingatie namna ya swali lenyewe, maana ndimo ufundi ulimo. Ukimwuliza mtu kwa nini amemwua simba, umemweka kizimbani, naye atajitetea kama mshitakiwa yeyote, kwamba alikuwa akilinda ng'ombe wa baba yake. Bali ukimwuliza simba alipatikana wapi, ni ng'ombe gani aliyeguswa kabla ya hapo, ulikwenda kucheza kwa nani, na nani alikutunza nini, atakueleza kinaganaga, pengine kwa fahari, na sababu itajitokeza yenyewe bila ya kuitwa. Walipokusanya majibu, wakayachapisha mwaka 2014, ilionekana kwamba kisasi kilikuwa kimegeuka uwindaji: vijana walikuwa wakimfuata simba porini, mbali na mazizi, simba asiyemdhuru mtu, kwa ajili ya tunzo. Ada ilibaki na umbo lake, ngoma ni ile ile na mapambo ni yale yale, ila sababu yake ilikwisha kuhama.

Maadamu sababu ilionekana mahali ilipo, dawa nayo ilijulikana pa kupakwa. Mradi ulioitwa WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, haukuishia kumfukuza kijana mwenye mkuki. Uliwaendea watoa tunzo. Ulizungumza na wazee wa Kisukuma na sungusungu, ulinzi ule wa jadi ulioibuka Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ili mchezo wa simba asiye na hatia usitunzwe. Mpaji akifumba mkono wake, mchezaji atacheza kwa nani? Mimi naona katika jambo hili elimu kubwa kuliko iliyomo katika semina nyingi za uhamasishaji, ambamo mkulima huitwa mvivu na mfugaji huitwa mkaidi, kana kwamba tendo la mtu huota moyoni mwake peke yake kama uyoga.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki naye alikwenda Mishamo, humo humo Katavi, katikati ya miaka ya 1980, kwenye makazi ya wakimbizi wa Kihutu waliotoka Burundi kufuatia mauaji ya mwaka 1972. Huko, katika vijiji vilivyopimwa kwa mistari, ambako mtu hakutoka ila kwa kibali, alikuta watu walioihifadhi historia ya taifa lao kwa ari, wakijihesabu kuwa wahamishwa watakaorejea. Angaliweza kukoma pale na kuandika kwamba ndiyo hulka yao. Bali alikwenda pia mjini Kigoma, akawatafuta wenzao wa asili ile ile, waliokimbia maafa yale yale, akawakuta wakijichanganya na wenyeji, wakibadili majina ya kujiita kadiri ya haja, na jina la ukimbizi wakiliepa. Msema pweke hakosi, na kijiji pweke vilevile hakikosi, mpaka upate cha pili cha kukilinganisha nacho. Tangu mwaka 2014 watu wa Mishamo na wa Katumba, makazi mengine ya wakimbizi hao, walianza kukabidhiwa hati za uraia wa Tanzania, na mwulizaji wa leo akienda huko atakuwa na maswali mengine kabisa ya kuandika.

Nisije nikamfanya mwulizaji kuwa walii. Yeye naye ana chuo kilichomtuma, ana mfadhili, ana shahada anayoitamani na kitabu kinachongojwa, na watu wa Mpimbwe, ambao kwa miaka mingi wamehesabiwa, wamepimwa na kuandikwa, wanazo akili za kuyaona hayo. Kwa hiyo mzee akikukaribisha kigoda uwanjani kwake, akakujibu yote kwa adabu, kisha akakuuliza wewe, mwanangu, umekuja kucheza simba gani hapa, na huko kwenu atakutunza nani, weka penseli chini umjibu.