Rasilimali, Zana au Nyenzo? Tahakiki Fupi ya Istilahi za Mwalimu wa Kiingereza na Insha

Istilahi haipimwi kwa uzuri wa umbo lake peke yake. Hupimwa pia kwa kazi inayoifanya kinywani mwa mtumiaji. Makala haya yanakusudia kuzipima istilahi chache ambazo mwalimu wa Kiingereza na uandishi hukutana nazo anapoelekezwa kutafuta msaada katika intaneti. Tumeuchagua uwanda wa kati kuwa mfano wetu. Huko Chemba, mtoto aweza kuzungumza Kisandawe nyumbani, akasomeshwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akakabiliwa na Kiingereza kama lugha ya kufundishia aingiapo kidato cha kwanza. Mara nyingi mwalimu wake humweleza kazi ya kuandika Kiingereza kwa maneno ya Kiswahili. Maneno hayo yakiwa na utata, somo zima huyumba.

Tuanze na neno rasilimali. Siku hizi "rasilimali za mtandaoni" ni tafsiri ya mazoea kwa kila kinachopatikana humo, kiwe kitabu, zoezi au picha. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni mtaji. Mtaji haufanyi kazi wenyewe. Sharti apatikane wa kuuzungusha. Zana ni chombo kinachoshikwa kwa kazi maalumu: zana za kilimo, zana za vita. Nyenzo nayo ni kifaa cha kuinulia au kusukumia kitu kizito. Kwa maoni yetu, nyenzo ndilo neno linalofaa zaidi, na zana libaki kwa vyombo kama kishikwambi na kompyuta.

Tofauti hii si ya watunga kamusi tu. Afisa akiandika katika taarifa yake kwamba shule "zimepewa rasilimali", hesabu imefungwa. Akiandika "nyenzo", hapana budi aulizwe: nyenzo ya kuinulia mzigo gani? Wakazi wa Kongwa wanalijua swali hilo. Kuanzia mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta huko kwa ajili ya mradi wa karanga, uliofika pia Urambo na Nachingwea. Mwaka 1951 mradi uliachwa, zikiwa zimekwisha kupotea pauni milioni 36 hivi. Mitambo ilikuwapo; kilichokosekana ni kuupima vya kutosha udongo, ambao hukakamaa wakati wa kiangazi, pamoja na mvua zisizotabirika. Zoezi la insha lililotungwa kwa ajili ya mtoto wa Chicago, linalomtaka aeleze siku ya theluji, likiletwa Kongwa bila kupimwa, ni trekta jingine.

Utata wa pili umo katika neno bure. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania humwezesha mwalimu kusoma vitabu vya kiada. Project Gutenberg, iliyoanzishwa mwaka 1971, hutoa vitabu ambavyo muda wa hakimiliki yake umekwisha nchini Marekani. African Storybook, iliyoanzia Afrika Kusini, hutoa hadithi kwa leseni inayomruhusu mwalimu kuzitafsiri na kuzirekebisha. Hivi vyote huitwa "vya bure", kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Bure ni habari ya bei. Huria ni habari ya ruhusa. Kitabu chaweza kusomwa bila malipo, na bado kukawa na katazo la kukinakili au kukitafsiri. Kwa mfasiri tofauti hii ni ya kisheria, na tungeshauri "leseni huria" litumike daima pale ruhusa hiyo ilipotolewa, wala lisibadilishwe na "bure".

Lakini upungufu mkubwa zaidi umo katika istilahi za uandishi wenyewe. Kurasa za kufundishia uandishi, kama zile za Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, huigawa kazi katika hatua. Kiswahili cha darasani huzikusanya hatua zote zinazofuata uandikaji wa kwanza katika kitenzi kimoja: kusahihisha. Na anayesahihisha ni mwalimu, kwa kalamu nyekundu. Kwa hiyo mwanafunzi huamini kwamba insha yake imekwisha pale alipotia nukta ya mwisho; makosa yaliyobaki ni mali ya mwalimu.

Wala lugha haikukosa maneno. Mwaka 2013 wananchi walisomewa rasimu ya kwanza ya Katiba, kisha ya pili. Na mwaka 2014 Bunge Maalumu la Katiba liliketi papa hapa Dodoma kuijadili. Hata asiyejua kusoma alielewa kwamba rasimu ni andiko linalongoja kujadiliwa na kubadilishwa. Kwa nini basi neno hilo lisiingie darasani? Tunapendekeza mfuatano huu: kuandika rasimu, kuipitia upya, yaani kupima hoja na mpangilio wake, kuihariri, yaani kunyoosha sentensi na msamiati, na mwisho kusoma prufu, yaani kukagua tahajia na vituo. Kusahihisha libaki kwa mwalimu anayetoa maksi.

Haki yataka tusifu panapostahili. Pakua na pakia ni istilahi zilizofaulu. Mpishi hupakua chakula, mchukuzi hupakia shehena, na mtumiaji wa kompyuta hakuhitaji kufafanuliwa. Mtandao, kinyume chake, umebebeshwa mno: ni intaneti, ni kampuni ya simu, tena ni mawimbi yenyewe. Mwalimu wa Bahi akisema "hakuna mtandao", msikilizaji hajui kama simu haishiki au salio la kifurushi limekwisha. Tungependa intaneti libaki kwa jambo la kwanza.

Mapendekezo haya hayadai kutunga hata neno moja jipya; yanadai tu kwamba maneno tuliyo nayo yagawiwe kazi. Walimu wayajaribu darasani, na yatakayokataliwa na wanafunzi yarejeshwe mezani. Istilahi nayo huanza ikiwa rasimu.