Fedha na Kiwanja katika Shetani Msalabani

Msomaji wa Shetani Msalabani (1982), riwaya ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliitoa kwanza kwa Kikuyu mwaka 1980, huvutwa mno na pango la Ilmorog, ambamo wezi na wanyang'anyi wanashindana kujigamba. Kwa hiyo huiona kuwa kemeo la tamaa tu. Usomaji huo haukidhi. Wariinga na mafundi wenzake wa gereji hawana tamaa. Wanachangia gharama, na kila mmoja hula jasho lake. Hata hivyo matajiri wanakinunua kiwanja, na ushirika unakosa pa kusimama.

Historia ya Olenguruone, katika Bonde la Ufa, yathibitisha jambo hilo. Wakikuyu waliopewa makazi huko mwaka 1941 walidai ardhi iwe yao, wakayakataa masharti ya serikali ya kikoloni. Walikula kiapo cha umoja, wake kwa waume, hata watoto. Kufikia 1950 walikuwa wamekwisha kufukuzwa.

Basi uzito wa riwaya umo gerejini kuliko pangoni. Methali "fedha fedheha" humwonya mwenye fedha; riwaya humwonya pia atokwaye jasho juu ya ardhi ya mwingine.