Harufu ya petroli ndani ya 240Z

Malalamiko yalianza kwa mke wa mwenye gari: kila mumewe akirudi kutoka kuendesha, shati linanuka petroli. Gari lenyewe ni Datsun 240Z, injini L24 ya silinda 6 kwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 2393, na kabureta mbili za Hitachi za aina ya SU. Kwa watu wa rika langu hapa Kenya gari hili halihitaji utambulisho. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakaurudia ushindi huo. Yaliyosalia yanatunzwa kama urithi, na mwenye nalo huvumilia mengi kabla ya kulipeleka kwa fundi. Huyu alivumilia karibu mwaka mzima.

Alikuwa ameshapita gereji nyingine. Kabureta zilifunguliwa, zikaoshwa, zikafungwa kwa gasketi mpya, akalipa, na harufu ikabaki palepale. Kabureta hulaumiwa kwa urahisi kwa sababu ukifunua boneti ndiyo inayokukabili, na siku zote haikosi harufu kidogo. Lakini kutafuta chanzo kwa kufuata pua ni kazi ya kupotea. Mvuke wa petroli ni mzito mara 3 hadi 4 kuliko hewa: hushuka, hutambaa, hukusanyika mbali na ulipotokea. Pua nayo huchoka upesi. Ukikaa dakika chache ndani ya harufu huisikii tena, ukatoka ukiapa kwamba umeitibu. Kwa hiyo sikumuuliza inanuka wapi. Nilimpa daftari la shule nikamwomba aandike, kwa wiki mbili, inanuka lini: tangi lina kiasi gani, madirisha yako wazi au yamefungwa, injini ni ya moto au baridi, gari linakwenda au limesimama, barabara imenyooka au ina kona.

Daftari liliporudi lilikuwa na thamani kuliko kifaa chochote nilichonacho. Siku ya kujaza mafuta harufu ilikuwa kali. Tangi likishuka chini ya nusu, ilikaribia kutoweka. Kwenye kona ndefu za kushoto ilizidi, za kulia haikubadilika. Akifungua dirisha ili apate hewa, iliongezeka. Na palikuwa na maandishi mengine yasiyolingana na hayo: akifika nyumbani na kuzima injini, baada ya dakika 10 hivi harufu inajaa upande wa mbele, hata tangi likiwa karibu tupu.

Hapo tayari tunajua kwamba harufu ni mbili. Hii ya pili ndiyo kabureta, na ina sababu yake. Kwenye L24 bomba la kuingiza hewa na bomba la moshi viko upande mmoja wa injini, na kabureta zimekaa juu ya chuma cha ekzosi. Gari likienda, hewa na petroli inayopita huzipoza. Ukizima, joto lote hupanda, na petroli iliyobaki kwenye bakuli la floti huanza kuchemka, kwa kuwa sehemu zake nyepesi huchemka kwenye joto lisilofika hata nyuzi 40. Kiasi fulani cha harufu hiyo ni tabia ya gari. Kilichozidi ni ugonjwa. Tulipima kwa njia ya zamani: unachomeka mpira unaopitisha mwanga chini ya bakuli, unaupandisha kando yake, na petroli ndani ya mpira inasimama usawa uleule wa petroli ndani ya bakuli. Bakuli la mbele lilikuwa limejaa kupita la nyuma. Sindano ya floti ilikuwa imelika, ina mkwaruzo wa duara mahali inapogusa kiti chake, kwa hiyo haikuwa ikifunga sawasawa. Gasketi mpya zisingesaidia kitu. Sindano na kiti vilibadilishwa, usawa ukarekebishwa, upande wa mbele ukaisha.

Harufu ya ndani ndiyo iliyotushughulisha. Kwenye 240Z mdomo wa kujazia mafuta uko ubavuni kulia, nyuma. Ukikata kona ya kushoto petroli husukumwa kulia, yaani kuelekea kwenye mdomo huo na mpira mnene unaouunganisha na tangi. Daftari lilikuwa limeshatuonyesha upande. Isitoshe, gari hili lina kitangi kidogo cha kupokea mvuke, kimefichwa nyuma ya kava la ubavuni, na mipira yake inatoka kwenye tangi, inapenya sakafu, inapanda hadi pale. Mpira wowote kati ya hiyo ukipasuka, mvuke hautoki nje ya gari. Unatoka pale abiria wanapovutia pumzi.

Kabla ya kugusa chochote tulilitoa gari nje, mbali na shimo la gereji. Hili nalisema kwa uzito wote: shimo ni bakuli la kukusanyia mvuke, na taa moja ya waya uliochubuka inatosha kumuua aliye ndani yake. Betri ilikatwa waya, kizimamoto cha poda kikawekwa karibu, tukavua makava ya nyuma.

Mipira midogo ilijieleza yenyewe. Ilikuwa imekauka, na ukiikunja nyufa zinafunguka; miwili iligeuka vipande mkononi. Mpira mnene wa kujazia, kinyume chake, ulikuwa mpya, mweusi, laini, bila ufa, bila tone, klipu zimekaza. Kijana wangu alitaka kuuacha. Nikamwambia achukue kitambaa kisafi, akisugue kwenye mpira, kisha akipeleke nje kwa mtu ambaye hajalikaribia gari siku hiyo. Wakaguzi wa boti huitumia sana njia hii, kwa kuwa mvuke ndani ya boti hauna pa kutokea. Mlinzi wa getini alikinusa akasema bila kusita: petroli.

Mpira ule ulikuwa wa rejeta. Mtu aliukata kwa urefu uliofaa akaufunga, pengine kwa nia njema kabisa, kwa sababu kipenyo kililingana. Lakini mpira wa rejeta umetengenezwa kustahimili maji ya moto. Petroli huufanya uvimbe na ulegee, kisha hupenya taratibu katika unene wake wote na kutokea upande wa nje ikiwa mvuke. Hautavuja hata tone, na hakuna jicho litakaloona kosa. Mpira wa mafuta huandikwa ubavuni kiwango chake, kwa mfano SAE J30R7, na fundi anayefunga mpira usio na maandishi hayo kwenye njia ya petroli anamwachia mwenye gari hatari asiyoijua. Tuliagiza mpira wa kujazia wa kufaa, tukabadilisha na mipira yote ya mvuke siku hiyohiyo. Kubadilisha mmoja na kuacha wenzake wa umri uleule ningeuita uzembe.

Lakini kwa nini harufu ilizidi dirisha likifunguliwa? Gari lenye mgongo wa mteremko kama huu huacha nyuma yake eneo lenye msukumo mdogo wa hewa, na moshi wa ekzosi huzunguka humo. Dirisha la mbele likiwa wazi, hewa ya ndani hunyonywa nje kupitia pale, na nafasi yake huzibwa na hewa inayopenya kutoka nyuma: kwenye raba ya mlango, kwenye gasketi za taa, kwenye matundu ya waya. Ikapita mlemle penye mipira iliyopasuka, ikabeba mvuke hadi kwenye kiti cha dereva. Tulibana karatasi kwenye mlango wa nyuma, tukaufunga, tukaivuta. Sehemu tatu ilichomoka bila kushikwa. Njia hiyohiyo huingiza pia kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu kabisa, na hiyo ndiyo iliyonifanya nisimruhusu aondoke kabla raba ya mlango na gasketi za taa zote mbili hazijabadilishwa.

Tukajaza tangi lote, lita 60, tukatafuta kona za kushoto, madirisha wazi. Asubuhi yake kitambaa kikasuguliwa tena, mlinzi akakinusa, akatikisa kichwa. Kilichobaki ni ule mchemko mdogo wa dakika 10 baada ya kuzima, ambao hautaisha. Banda la gari nyumbani kwake limepakana na jiko la gesi, kwa hiyo sasa analiacha uani hadi boneti ishikike kwa mkono, ndipo analiingiza.