Nyumba Iliyokandwa

Simama kando ya barabara itokayo machimbo ya Ngaka, pale Ntunduwaro wilayani Mbinga. Lori moja linashuka na makaa ya mawe. Ukibahatika, utaona jingine linapanda na mifuko ya saruji. Mimi naiona kama safari moja. Makaa ya Ngaka yameuzwa kwa viwanda vya saruji miaka nenda rudi. Humo hutia moto tanuru linalochoma mawe ya chokaa hadi nyuzi 1,450 hivi, na kilima chetu kikaturudia kimefungwa kwenye mfuko, nasi tukaupokea kama mgeni wa heshima.

Sina ugomvi na saruji. Daraja linaitaka, na tangi la maji pia. Lakini inasemekana kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani hutoka kwenye saruji, na sehemu yake inaanzia hapa tunapopigwa vumbi. Basi mtu anayetaka kujenga nyumba ya mapumziko na akaisifu kuwa rafiki wa mazingira, huku ameimimina zege kuanzia msingi hadi bafu, mimi namuuliza: rafiki wa mazingira ya wapi?

Nimewahi kulala katika nyumba ya namna hiyo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Sitaitaja. Kuta za zege, bati juu, na juu ya bati nyasi kidogo, kama mtu aliyevaa kanzu juu ya suti. Saa nane za usiku ukuta ulikuwa bado unatema joto la mchana. Jenereta lilinguruma, na ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 700 lilikuwa hatua chache kutoka kitandani, silisikii. Asubuhi nikaulizwa kama ningependa kukandwa.

Neno hilo likanikaa. Kiswahili kimelitumia bila kubagua: tunakanda unga, tunakanda mzazi kwa maji ya moto, tunakanda udongo, na udongo huo ukifika ukutani, tunakandika. Mikono ni ile ile. Nikawaza, mbona nyumba inayokanda watu haikukandwa yenyewe?

Fundi wa kukandika haanzi na ukuta, anaanza na kiganja. Huchukua udongo, mara nyingi wa kichuguu kwa kuwa mchwa wameshauchambua, akaulowesha kidogo na kuuviringisha uwe kamba. Ukikatika mapema, una mchanga mwingi. Ukirefuka mpaka ukawa mwembamba kama mkia wa panya, udongo wa mfinyanzi umezidi na ukuta utapasuka. Akiridhika, udongo unalowekwa na kufunikwa usiku kucha; asubuhi watu wanaingia kuukanyaga pamoja na nyasi zilizokatwakatwa. Kisha matonge yanarushwa kwa nguvu kati ya fito, mmoja akiwa ndani na mwenzake nje, mpaka viganja vyao vinakaribia kugusana katikati ya ukuta. Mlio wake ni wa kofi lililolowa. Baada ya hapo wanaondoka, ukuta ukauke na kuonyesha nyufa zake zote, ndipo warudi kuusiriba kwa udongo laini. Siku hizo za kungoja hazimo kwenye hesabu ya mkandarasi yeyote ninayemjua.

Adui wa ukuta huo ni maji. Ndiyo maana chini unawekewa mawe na juu upenu mpana. Kila mwaka mvua ya Novemba hadi Aprili ikiisha, unasiribwa tena. Methali inatutisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba ya udongo kuziba ufa si aibu, ni kalenda tu, na ni mshahara kwa wanakijiji kila mwaka.

Kuhusu maji, mwalimu yuko juu milimani. Katika karne ya 19 Wamatengo wa Mbinga walibanwa na mashambulizi ya Wangoni wakajikusanya kwenye miteremko ya Litembo na jirani zake, ardhi ndogo na mwinuko mkali. Wakalima ngoro. Mvua za masika zikielekea ukingoni, karibu Machi, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, ikaacha miraba. Wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo. Mlima mzima unakuwa kama sega la nyuki. Maharage yanapandwa kwenye matuta, mahindi yanafuata msimu mwingine, na mvua inayoshuka kwa kasi inakuta mashimo yanayoingoja, inatulia, inazama. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Kyoto, Japani, walikaa kijijini Kindimba kuupima ustadi ambao wakulima wale hawakuhitaji kuandikiwa.

Mwenye hoteli huanza na katapila, akausawazisha mlima ili nyumba ikae. Mmatengo anauacha mteremko ulivyo, analigawa tone. Vyumba vidogo vilivyotawanywa kwa mpango wa ngoro, kila kimoja kwenye mraba wake, maji ya kuogea yakishukia shimo lenye migomba, vingekaa kwenye miamba ya Mbamba Bay au Liuli bila kuihamisha. Na upepo wa kusini mashariki, ambao wavuvi wa Ziwa Nyasa huuita mwera, ungefanya kazi ya feni.

Ndoto? Gando, Burkina Faso, msanifu majengo Diébédo Francis Kéré alijenga shule ya msingi kwa tofali za udongo zilizochanganywa saruji kidogo, bati likiwa limeinuliwa juu ya dari ili hewa moto ipite. Ilikamilika mwaka 2001. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker. Wanakijiji wenzake ndio walioshindilia sakafu. Kwetu hapa, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukifundisha tofali za kufungamana, zisizochomwa kwa kuni. Hilo si dogo katika wilaya ambamo tanuru la tofali hula miti.

Nyasi za paa huungua, najua, na mchwa hawalali. Lakini lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, imeshakamilika, na wenye mitaji wataifuata. Wewe unayekuja na ramani ya jengo mkononi, usishuke ziwani kwanza. Pitia Kindimba mwezi Machi, nyasi zikiwa zinalazwa, uwaulize wenyeji maji hupita wapi.