Kumjaribu Nabii

Kitabu cha kale kiitwacho Didake, kilichopatikana tena mwaka 1873 huko Konstantinopoli, chatupa vipimo vya nabii: akidai fedha, au akiagiza meza katika Roho kisha akala mwenyewe, ni wa uongo. Ni vipimo vyema, maana tamaa haifichiki. Lakini chakataza kumjaribu nabii anenapo katika Roho. Hapo ndipo kinapopungua. Paulo aliwaagiza Wathesalonike wajaribu mambo yote. Huko Shakahola, Kenya, watu waliofundishwa kufunga wapate kumwona Yesu walikufa kwa njaa. Tangu mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Matunda huonekana baadaye. Basi neno na lipimwe kwanza kwa Maandiko, kabla halijatiiwa.